Kitunguu Nilichokificha Kwenye Soksi

Zandkoog,
Uholanzi Kaskazini.
29 Machi, 2026.

Mpendwa Dada Neeltje,

Pokea salamu zangu, na kabla hujaitupa barua hii motoni pokea na za Mama, ili ukiitupa ujue umezitupa na zake. Habari za Ayalandi? Na goti la shemeji Fintan linaendeleaje? Mama ameniambia alipasuliwa mwezi wa pili, na kwamba sasa anatembea na fimbo akiwagombeza mbwa kana kwamba wao ndio waliomvunja. Mpe pole nyingi. Watoto nao hawajambo? Yule mdogo alishapata kazi?

Huku hatujambo. Mama mzima wa afya. Tarehe ishirini na nane mwezi ujao atatimiza miaka tisini na mitano, na bado anasoma gazeti bila miwani, akianzia ukurasa wa vifo kuona nani amemtangulia. Kaka Gerbrand ana presha na hataki kusikia habari ya kupunguza chumvi. Shemeji Afra ni yuleyule, anapika, anasema, anapika tena. Mimi mwili hauna neno. Mengine utayasoma mbele.

Majira ya kuchipua yamewahi mwaka huu. Krokasi zilitoka theluji haijaisha kuyeyuka, narsisi zimejaa kando ya barabara kuanzia kanisani hadi kwenye daraja, na hayasinti za jirani zinanukia mpaka jikoni kwangu, nikila mkate naona kama naula na sabuni. Zamani ningekuandikia kurasa tatu za maua peke yake. Ndiyo ilikuwa desturi yetu, wewe unaniandikia ya kwenu na mimi ya kwetu, tunashindana nani ameona la kwanza. Mwaka huu siwezi. Kila ua ninaloliona linanikumbusha wewe, na nikikukumbuka natamani kuinamisha kichwa.

Kadi yako ilifika juma la pili la mwezi huu. Nilikuwa nimempelekea Mama mkate, nikamkuta ameishika. Uliandika mstari mmoja tu: “Sitakuja kwenye siku ya kuzaliwa ya Mama, nisije nikaleta kitu kwenye soli za viatu.” Mama alinipa nisome. Akaichukua, akaiweka dirishani pamoja na kadi nyingine za watu waliokwisha kumpongeza mapema, akaniuliza kama mkate ni wa leo au wa jana. Nikamjibu ni wa leo. Nikatoka, nikashikilia baiskeli yangu kwa muda mrefu bila kuipanda.

Basi niseme sasa, maana nikizungukazunguka nitaishia kukusimulia hali ya hewa. Dada, si narsisi zako. Ule ugonjwa ulioingia shambani kwa Gerbrand niliuleta mimi. Nilijua kuwa ni mimi hata kabla hujashuka kwenye ndege mwaka jana, na nikakuacha ulaumiwe mbele ya ukoo mzima.

Nitakueleza tangu mwanzo, pamoja na yale unayoyajua, kwa sababu uliyajua upande mmoja tu.

Unakumbuka mwaka juzi, mwezi wa tano, nilisafiri na chama cha wakulima wa maua kwenda Kirigizistani kuziona tulipu za mwituni. Nilikutumia picha. Nilichokuandikia kilikuwa cha kweli. Theluji ilikuwa juu ya vilele, chini majani mabichi, na katikati yake tulipu nyekundu fupi, hazijapangwa mstari, hazijahesabiwa na mtu. Moja hapa, tatu pale, nyingine imejibanza ubavuni mwa jiwe. Mimi niliyezaliwa katikati ya mistari, niliyetembea kwenye mistari miaka arobaini na moja nikitafuta tulipu zenye ugonjwa na kuzing'oa, nilisimama pale nikalia. Wenzangu walidhani ni upepo.

Tulipokewa na mama mmoja mfugaji anaitwa Burul. Alitupa chai, mkate na aprikoti zilizokaushwa, na mwongozaji wetu akawa anatafsiri. Akatuuliza kazi yetu ni nini. Tukamwambia tunapanda tulipu, zikishachanua tunazikata vichwa ili kitunguu cha chini, kile kinachopandwa badala ya mbegu, kinenepe, halafu tunauza kitunguu. Mama yule akacheka mpaka akaweka birika chini.

“Mnahangaika mwaka mzima ili mkate vichwa?” akasema. “Kwenu hakuna mbuzi wa kuwafanyia kazi hiyo bure?”

Tulicheka wote. Kisha akatuonya, bila kucheka, kwamba maua ya mlima yale hayaguswi. Mwongozaji naye akarudia, ni marufuku kuchuma na ni marufuku kuchimba. Tukaitikia kwa vichwa, watu wazima kumi na wanne.

Sasa sikia aibu yangu ya kwanza. Mtu mwingine yeyote, akishikwa na tamaa mahali pale, angechuma ua. Angelichomeka kwenye kofia, likanyauka kabla ya jioni, yakaisha. Sisi watu wa Zandkoog hatujui kuchuma ua. Ukituonyesha ua, macho yetu yanashuka chini kwenye udongo kutafuta kitunguu. Nilijitenga na wenzangu, nikapiga magoti kama ninayepiga picha, nikachimba kwa kisu cha mfukoni robo saa nzima, maana vitunguu vya mwituni vinakwenda chini sana. Hatua chache tu chini ya pale palikuwa na bustani ya Burul ya vitunguu saumu. Niliiona. Nikaona na majani yake mengine yamejikunja na kupauka. Mimi, ambaye kazi yangu maishani ni kuona jani lililojikunja, nililiona na nikaendelea kuchimba.

Kitunguu kilikuwa kidogo, hakifiki hata ukubwa wa kokwa la jozi. Nilikitia ndani ya soksi, soksi ndani ya kiatu, kiatu ndani ya begi, na uwanja wa ndege waliponiuliza kama nimebeba mimea nikasema hapana kwa sauti safi kabisa.

Utaniuliza nilikitakia nini. Nimejiuliza sana. Gerbrand ana shamba, wewe uliondoka ukapata maisha yako, na mimi nilibaki kuwa jicho la kuazimwa, nikitembea kwenye mistari ya watu. Nilitaka niwe na kitu kimoja ambacho hakuna mwingine anacho hapa. Kibaya ni kwamba nilitaka siku moja nikuite wewe uje ukione.

Nyumbani kwangu uwanja wote ni vigae, hakuna udongo, unajua. Kwa hiyo mwezi wa kumi na moja nilikipanda kwa Gerbrand, mwisho kabisa wa mstari wa kwanza, kando ya mtaro, mahali trekta haifiki. Sikumwambia mtu. Wewe ulikuwa umekuja miezi miwili kabla, mwezi wa tisa, na mfuko wako wa narsisi kutoka bustani yako, ukazipanda chini ya dirisha la Mama kwa koleo la Gerbrand lile lenye mpini uliofungwa waya. Kumbuka hilo koleo.

Mwaka jana mwezi wa nne nilianza kazi kama kawaida. Siku ya nne nilifika mwisho wa ule mstari wa kwanza. Kitunguu changu kilikuwa kimetoa jani moja tu. Hatua mbili kutoka pale, tulipu tisa zilikuwa zimepinda shingo upande mmoja, shina limepasuka chini ya ua, na petali zina kingo za kijani zisizotaka kuiva. Huhitaji miaka arobaini kuujua ugonjwa huo. Ni vile vijinyoo vya shina, vinavyoishi hata kwenye vitunguu saumu, na ukivikuta sheria ni moja, unasimama hapohapo unamwita mwenye shamba.

Mimi niling'oa zote tisa, nikazificha chini ya ndoo na kuzifunika kwa majani. Siku tano nzima niliamka nikajiambia leo nitamwambia, na siku tano nilikula chakula cha mchana kwa Afra bila kusema. Siku ya sita Bożena, yule dada Mpolandi anayefanya kazi ya kutafuta tulipu zenye ugonjwa pamoja nami, akapiga kelele kutoka mstari wa tatu.

“Mzee Aris, njoo uangalie hii. Au macho yamekuzeekea?”

Nikaenda nikaangalia, nikajifanya kushtuka. Gerbrand akaja, akachuchumaa. Kilikuwa ni kile kipande cha shamba chenye tulipu za Baba. Mimi na wewe tunajua maana yake, lakini nataka niiandike kwa mkono wangu. Miaka ishirini Baba aliilea ile tulipu kutoka kwenye mbegu, rangi ya pichi yenye ukingo mweupe, akaipa jina la Mama, Trijn, na haikuwepo mahali pengine popote duniani ila kwenye kile kipande.

Wakaguzi walikuja siku mbili baadaye. Wakauliza kama kuna kitu chochote kutoka nje kilichoingia. Gerbrand akafikiri, nikamwona anafikiri, mimi nimesimama pembeni yake nimeshika ndoo. Kisha akasema polepole, “Dada yangu alileta narsisi. Alitumia koleo letu.” Wakaandika. Ningefungua mdomo pale, lawama isingefika kwako.

Siku ya Mama unaijua, lakini hukuiona kutoka kwenye kiti changu. Viti vimepangwa duara kama kila mwaka, kila anayeingia anazunguka kumpa hongera Mama na kisha kila mtu mwingine, kahawa, kipande kimoja cha keki mapajani. Ulikuwa umetua saa tatu tu kabla ya hapo, bado umevaa skafu ya safari. Ulipomfikia Gerbrand ukamnyooshea mkono, “Hongera kwa siku ya Mama,” naye hakuushika.

“Narsisi zako zimeua shamba,” alisema. “Zimeua tulipu ya Baba. Hongera na wewe.”

Ulibaki umenyoosha mkono. Ukajaribu kucheka ukidhani ni utani wake mbaya, ukatazama huku na huku, kisha ukanigeukia mimi.

“Aris, wewe ndiye unayejua haya mambo,” ukasema. “Kweli yanaweza kuwa yametoka kwangu?”

Dada, nilikuwa na keki kwenye uma. Mbele ya watu ishirini na wawili, kila mmoja akisubiri jicho la Aris liamue. Ungeniuliza kwa hasira labda ningejitetea, ningebwabwaja, ningejisaliti. Uliniuliza kwa upole, kama ulivyokuwa ukiniuliza kama nimenawa mikono. Na mimi nikajibu, “Inawezekana.”

Sikusema uongo, na hilo ndilo nililojifariji nalo mwaka mzima. Narsisi huweza kuubeba ugonjwa ule, kwa hiyo inawezekana. Ni neno nililolichagua nikiwa na akili timamu, na lilikupiga kuliko lile la Gerbrand. Nilikuona. Ulikwenda nje na mikono mitupu ukazing'oa narsisi zako zote chini ya dirisha, zikiwa zimechanua, ukazitupa kwenye pipa la moto la Gerbrand. Mama alikuwa akikutazama kupitia kioo. Narsisi zikaungua, na hakuna aliyeweza tena kuzipima na kukutoa lawamani. Kesho yake asubuhi ulipanda basi peke yako, na mimi wakati huohuo nilikuwa kando ya mtaro nakichimbua kile kitunguu changu. Nilikikata kwa kisu. Ndani kilikuwa cha kahawia na chenye unga, kimeoza kuanzia katikati. Nikakichoma kwenye jiko langu.

Tulipu za Baba zilichimbuliwa zote zikaharibiwa. Mwezi wa saba kile kipande kilizungushiwa tuta na kujazwa maji, wiki kumi, ili vijinyoo vife kwa kukosa hewa. Bata walikuja. Kulikuwa na watalii wa baiskeli waliosimama wakamuuliza Gerbrand kama hilo ni ziwa la asili. Akawajibu ndiyo. Niliposikia jibu lile nilitaka kumwambia palepale, na sikumwambia. Ndivyo mwaka ulivyokwenda. Kila mara nilikuwa karibu kusema.

Kadi yako ndiyo iliyonimaliza. Jumamosi ya tarehe ishirini na moja nilikwenda ghalani, Gerbrand anatengeneza makreti. Nitakuandikia alivyosema, maana yeye mwenyewe hataandika, unamjua.

“Zile narsisi hazikuwa na kosa,” nilimwambia.

“Narsisi gani?”

“Za Neeltje.”

Akaendelea kupiga misumari. “Umezipimia wapi? Kwenye majivu?”

Nikamweleza. Soksi, mtaro, tulipu tisa chini ya ndoo, yote. Nilipomaliza alikuwa ameshika nyundo hewani.

“Rudia.”

Nikarudia. Mara ya pili ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu sasa alikuwa ananitazama.

“Na siku ile alipokuuliza wewe?”

“Nilisema inawezekana.”

“Najua ulichosema, nilikuwepo. Niliamini kwa sababu ni wewe. Ungesema hapana, ningemwomba radhi Neeltje palepale, mbele ya wale wote.” Akakaa kwenye kreti. “Mwaka mzima unakuja kwangu kila Alhamisi kula supu ya njegere. Na unaomba kuongezewa.”

Nikaanza kumwomba msamaha. Akainua mkono.

“Usiniombe mimi. Mimi umenipotezea udongo, udongo ulishakaa majini, utapona. Tulipu ya Baba haitarudi, hiyo nitakudai mpaka nife na hutaweza kulipa, tuiache. Kaanze na Neeltje. Na iwe kwa karatasi. Kwenye simu utalialia, yeye atakuhurumia, mwisho itakuwa ni yeye anayekubembeleza. Nakujua tangu uko kwenye nepi.”

Ndiyo maana sikupiga simu. Alisema kweli.

Kisha akaniambia nisiingie shambani mwaka huu. Hakufoka. Akasema tu kwamba jicho linaloona na kunyamaza halimfai, na Bożena atashika mistari yangu. Jumatatu nilikutana na Bożena dukani, akaniuliza, “Mzee Aris, nimesikia umepumzika. Ni mgongo?” Nikamjibu ndiyo, ni mgongo. Nilifika mpaka kwenye mlango wa duka, nikarudi nyuma, nikamwambia si mgongo, na nikamwambia ni nini, mbele ya muuza jibini. Aliniangalia, akasema, “Basi yule dada yako alilia bure.” Alikuona siku ile kwenye pipa la moto. Sikujua kama ulilia.

Afra alipoambiwa alikaa chini, jambo ambalo hulioni mara nyingi. “Mimi ndiye niliyempigia Krismasi nikamtania asituletee hata ua la plastiki,” akasema. “Na yeye akacheka. Sasa nikikutana naye nitauweka wapi uso wangu?” Ameniagiza nikuandikie kwamba ile haikuwa utani, ilikuwa ubaya, na anaona haya.

Kwa Mama nilikwenda jana. Nilimkuta anamenya viazi. Nilitaka kumpokea kisu, akakataa, akasema nizungumze tu, yeye masikio yake hayamenyi. Nikamweleza yote, kuanzia mlimani. Viazi viliisha, akafuta mikono, akauliza swali moja ambalo sikulitarajia.

“Ua lake lilikuwa rangi gani?”

“Sijui, Mama,” nikasema. “Mlimani lilikuwa jekundu. Huku halikuwahi kuchanua.”

“Hata siku moja?”

“Hata siku moja.”

Nilidhani ameridhika kujua. Kisha akasema, na ameniamuru nikuandikie neno kwa neno, nisipunguze:

“Wakati wa vita, majira ya baridi yale ya mwisho, mama yangu alichemsha vitunguu vya tulipu tukavila. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Vinachoma koo mpaka kesho yake. Tulivila kwa sababu tulikuwa na njaa. Wewe umemla dada yako kwa ajili ya kitunguu kimoja, tena umeshiba. Ulikuwa na njaa gani?”

Nimekaa na swali lile tangu jana, nimeliandika hapa nikitumaini mkono utajibu, na mkono nao hauna jibu. Nina aibu, Dada. Sina neno kubwa kuliko hilo. Nina aibu kwa kitunguu, nina aibu zaidi kwa zile siku tano, na kwa ile “inawezekana” nitakuwa na aibu mpaka nizikwe.

Sikuombi unisamehe kwenye barua hii. Ninachokuomba ni uje kwenye siku ya Mama. Gerbrand amesema atakupokea uwanja wa ndege yeye mwenyewe, na kwamba watu walewale ishirini na wawili wataalikwa, hakuna wa kukosa, ili wasikie kutoka kinywani mwangu. Nimekubali. Nitasimama katikati ya duara niseme kabla keki haijakatwa, maana nikisema baada ya keki kuna watakaokuwa wanatafuna. Ukipenda nikishamaliza niondoke, nitaondoka. Ukipenda nisiwe mle ndani kabisa wakati upo, mwandikie Afra, si mimi, nami nitayasema kabla hujafika, kisha nirudi nyumbani kwangu. Lakini Mama ana miaka tisini na mitano, na kila Jumapili akishamaliza kuongea nawe kwenye simu anakaa na simu mkononi mpaka inazimika mwanga. Usimnyime kwa sababu yangu.

Nisalimie sana shemeji Fintan na goti lake, na watoto wote wawili. Gerbrand na Afra wanakusalimu, na safari hii salamu zao si za mdomo. Mama anakubariki, amesema nikuandikie hivyohivyo, anakubariki wewe, na mimi ameniambia ningoje zamu yangu. Mungu akutunze huko, na akulete.

Wako akupendaye, na aliyekusingizia,

Aris